Punje Zisizochoka

Fakhriya hakuwahi kupika mchele bila kuuchambua, hata ule wa pakiti ulioandikwa kwamba umekwisha kuchambuliwa na mashine. Alisema mashine haina meno ya kuvunjika, kwa hiyo haiwezi kuogopa jiwe. Kila siku baada ya Alasiri alikaa kwenye ukumbi wao wa ghorofa ya pili, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, sinia mapajani na miwani puani, akiyasogeza mawe na chuya pembeni kwa ncha ya kidole. Chini mtaani wabeba mizigo waliweza kutukanana mpaka wakafikia babu wa nne. Yeye kidole chake hakikupotea njia.

Mumewe, Mzee Ghanim, alikuwa na duka la manukato chini ya nyumba hiyohiyo: udi, ubani, mafuta ya waridi, na kibao mlangoni kilichoandikwa HAKUNA SPIRITI. Kibao hicho kilimtesa sana siku binti yao Wafa aliporudi kutoka chuoni akawaeleza kwamba utafiti wake wa shahada ya uzamili unahusu alkoholi. Mzee aliimaliza kwanza glasi yake ya chai. Kisha akauliza kama wakubwa wa chuo walikosa kabisa kitu kingine cha kumpa mtoto wa watu. Wafa akamweleza kwamba alkoholi ziko aina nyingi kama samaki wa soko la Feri, na hii yake hainywewi wala hailevyi. Ukiipasha moto pamoja na hewa na kichocheo kinachofaa, inageuka kuwa kitu chenye harufu ya lozi. Akamletea kichupa. Mzee Ghanim alinusa, akafumba macho, akanusa tena, akauliza kichupa cha tola moja kingeuzwa shilingi ngapi. Tangu siku hiyo aliwaambia majirani kwamba binti yake anasomea lozi.

Kichocheo chenyewe kilikuwa punje nyeusi ndogo kama ulezi. Wafa alizitengeneza kwa makaa ya vifuu vya nazi, akazivisha manganizi, madini yaleyale yaliyomo kwenye betri za redio. Kutengeneza punje za namna hiyo si kazi ya ajabu, watu wengi duniani wanazo. Shida ni kwamba zinachoka. Unazitumia mara ya kwanza zinafanya kazi, mara ya pili zinajikongoja, mara ya tatu zinakutazama tu. Wafa alikuwa anatafuta punje zitakazochujwa, zikakaushwa na kurudishwa kazini mara tano bila kuchoka. Utafiti wote ulikuwa huo, na muda ulikuwa umebaki kidogo. Chuo kilikwisha kumwongezea miezi mara mbili, na barua ya pili ilisema wazi kwamba hakutakuwa na ya tatu.

Na punje zake zilikuwa hazichoki. Mara ya kwanza ziligeuza asilimia tisini na mbili ya alkoholi kuwa lozi, ya pili tisini na mbili, ya tatu tisini na moja, ya nne na ya tano tisini na mbili tena. Msimamizi wake, Dokta Gaudens, ambaye mwanzoni mwa mwaka alikuwa akimwita "wewe binti", sasa alimwita "mwenzangu". Aliandika makala juu ya punje hizo, akaweka jina lake la kwanza na la Wafa la pili, akaituma kwenye jarida la nje.

Mambo yote hayo yalipitia jikoni kwa Fakhriya. Kikaushio cha maabara kilikuwa kimekufa tangu mwezi wa tatu, na ombi la kukitengeneza lilikuwa bado linatafuta saini. Kwa hiyo kila Wafa alipomaliza jaribio alizifunga punje mbichi kwenye karatasi, akaja nazo nyumbani, akazilaza kwenye oveni ambayo mama yake huokea keki za Idi, na asubuhi akazirudisha chuoni. Dokta alijua. Kwenye makala waliandika kwamba punje zilikaushwa ndani ya oveni, na hapo hawakusema uongo.

Jambo ambalo hawakulijua, si Dokta wala Wafa, ni kwamba Fakhriya hawezi kuona punje zimetandazwa akaziacha hivihivi. Baada ya sala ya alfajiri, Wafa akiwa bafuni, mama alizitoa oveni, akazimwaga kwenye sinia, akazichambua. Mbovu alizijua upesi kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Akazitoa. Kisha akazipima zilizobaki kwa mizani ndogo ya udi, akakuta mzigo umepungua. Kwa kuwa mtoto wa muuza udi hatoki nyumbani na mzigo pungufu, aliongeza punje mpya kutoka kwenye chupa kubwa ambayo Wafa aliiweka kabatini, mpaka mizani ikasoma gramu kumi kamili, kama Wafa alivyoandika kwenye karatasi. Alifanya hivyo mara nne. Hakumwambia mtu, na si kwamba alificha. Nani anatangaza kwamba leo amechambua mchele?

Wafa, kila alipopima chuoni na kukuta gramu kumi kamili, alijisifu moyoni kwamba ana mkono mzuri wa kuchuja.

*

Jarida la nje lilijibu kwa heshima nyingi na ombi moja: jaribio lirudiwe mwanzo hadi mwisho, shahidi akiwepo. Dokta Gaudens hakuona taabu. Tena wiki hiyohiyo kikaushio kilikuwa kimepona, baada ya saini ya mwisho kupatikana kwa mtu aliyekuwa likizo. Safari hii punje hazikuwa na haja ya kwenda Kariakoo. Zilichujiwa hapohapo, zikakaukia hapohapo, na Dokta akawa shahidi mwenyewe, ameketi kwenye stuli na kikombe cha kahawa.

Mara ya kwanza ilikuja asilimia tisini na mbili, Dokta akatikisa kichwa kwa furaha. Mara ya pili ikaja sitini na nane. Dokta akasema mashine ya kupimia ina matatizo yake, wapime tena. Wakapima tena, sitini na nane. Mara ya tatu, siku ya Jumatatu, ikaja arobaini na tano, na Dokta akakiweka kikombe chini.

Alimwambia Wafa amweleze. Wafa akasema hana la kueleza, haelewi.

"Mimi naelewa," Dokta Gaudens alisema. "Ulikuwa unaweka mpya kila mara. Unaondoka na zilizotumika, unarudi na mpya, unaniambia ni zilezile."

Wafa aliapa kwamba hajafanya hivyo. Aliapa kwa sauti ambayo mwenyewe aliiona haifai, kama mtu aliyekamatwa dukani na kitu mfukoni. Dokta hakugomba. Alizungumza taratibu, na utaratibu wake ulichoma kuliko makelele. Alisema kwenye makala jina lake ndilo la kwanza, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza anatamani la mwanafunzi lingetangulia. Kisha akasema hana budi kuipeleka habari hii kwenye kamati ya maadili, na akaondoka akiacha kikombe chake kikae palepale Wafa akioshe.

Wafa alikiosha. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kwa siku nzima, kwamba alikiosha.

*

Alifika nyumbani wakati mama yake ameanza na mchele. Alimsalimia, akavua mtandio, akakaa kwenye mkeka. Fakhriya alimtupia jicho moja juu ya miwani na kurudi kwenye sinia.

"Mbona siku hizi huniletei mzigo wako?"

"Wametengeneza kikaushio, Mama. Zinakaukia hukohuko."

"Aa." Kidole kilisukuma chuya mbili. "Na nani anazichambua?"

Wafa alidhani hakusikia vizuri. Akauliza kuchambua nini. Mama yake, bila kuinua uso, akamweleza kama mtu anayekumbushia jambo dogo la nyumba: zile punje zake zikirudi zinakuwa na mbovu ndani yake, zinang'aa ovyo, na mzigo unapungua, basi yeye huzitoa, hujazia nzima, hupima gramu kumi, na ndipo humfungia. Alisema mara ya kwanza zilikuwa mbovu chache, lakini mara ya nne karibu nusu, na alitaka kumwambia awaseme huko chuoni, wanazitesa mno.

"Mara zote, Mama?"

"Mara zote nne. Ningekuachaje uende mbele ya wasomi na vitu vilivyochoka?"

Wafa alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alimpenda mama yake wakati ule kwa uchungu, na wakati uleule alitaka kulitupa sinia dirishani. Miezi yote ile punje zake zilichoka kama punje za watu wengine. Ushindi wake ulikuwa mama yake tu.

Angeweza kusema palepale. Lakini alimjua Fakhriya. Mwaka ambao pilau ya hitma ilizidi chumvi, kwa kosa la mpishi wa kukodi, Fakhriya hakutia mguu nje kwa wiki tatu, na hata leo hupitia uchochoro wa nyuma asikutane na wenye hitma yao. Na hilo lilikuwa chumvi tu. Akiambiwa kwamba kwa mkono wake amemharibia mtoto miaka miwili ya kazi, atainuka vipi? Halafu na kamati je? Mwanafunzi aliyeshikwa na kosa anasema, waheshimiwa, si mimi, ni mama yangu jikoni. Wangecheka mpaka chai iwatoke puani.

"Ahsante, Mama," Wafa alisema, akaenda kunawa uso.

*

Barua ya wito ilifika Jumanne dukani, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na anwani. Mzee Ghanim aliifungua bila kusita. Barua iliyokuja dukani kwake aliihesabu kuwa ni ya duka. Hakuwa na miwani, kwa hiyo akamwita jirani yake Anaeli, Mchaga wa Machame aliyeuza mabegi duka la pili, aje amsomee. Anaeli alisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma neno kanisani, na mtaa mzima ukasikia kwamba Wafa Ghanim anatuhumiwa kughushi matokeo ya utafiti na anatakiwa mbele ya kamati Alhamisi saa tatu asubuhi.

Mzee Ghanim aliomba lile neno lirudiwe. Likarudiwa. Alipiga kelele kumwita binti yake kutoka ghorofani, na Wafa aliposhuka akaulizwa mbele ya wateja wawili na mbeba mizigo mmoja kughushi huko ni kughushi gani, noti au hati. Wafa akajibu kwa kifupi, macho chini: wanasema aliweka punje mpya akadai ni zilezile za zamani.

Anaeli alikunja paji la uso. Alikuwa mfanyabiashara makini na hesabu hii haikumkalia sawa.

"Ngoja kwanza, Mzee Ghanim. Hapa Kariakoo nimeona simu ya zamani ikiuzwa kama mpya. Nimeona betri, nimeona matairi, nimeona begi langu mwenyewe limetiwa zipu mpya likauzwa tena. Lakini mtu wa kuuza kipya kwa jina la kuukuu, sijamwona tangu nishuke kutoka Machame. Huyo si tapeli. Huyo anatoa sadaka."

Mbeba mizigo alicheka. Mzee Ghanim hakucheka. Miaka thelathini na minane alikuwa kwenye mtaa huu na hajawahi kuchanganya udi na mafuta ya mnazi, ingawa wanaochanganya wamejenga Mbezi na yeye bado anapanga. Kitu pekee alichokuwa nacho ni kwamba mizani yake haina maneno. Na sasa neno lilikuwa limesomwa mlangoni kwake kwa sauti ya kanisani. Aliyashusha mapazia ya duka nusu, jambo ambalo hufanya siku za msiba.

Fakhriya alikuwa kwenye ngazi; barua aliisikia yote, ila maneno yaliyofuata yalipotea katika kelele za mtaa. Jioni alimfuata Wafa chumbani akamuuliza kama amefanya. Wafa akasema hajafanya. Akamuuliza basi kwa nini anakaa kimya kama mwizi. Wafa akasema atasema hukohuko. Fakhriya alimtazama, akaona mtoto amekata tamaa, ila sababu hakuiona. Alitoka akiwa na hasira tulivu ya mwanamke ambaye bidhaa yake imesingiziwa kuwa pungufu. Maana kama punje zilikuwa kamili au hazikuwa, shahidi alikuwa mmoja tu, na huyo hakuna aliyemwita.

*

Alhamisi kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa inazunguka kwa kulazimishwa. Mwenyekiti alikuwa Profesa Jovitha, mwanamke wa makamo mwenye sifa ya kutovumilia maneno marefu. Pembeni yake alikaa katibu kijana na kompyuta yake, na upande wa pili Dokta Gaudens, aliyevaa suti kama aliyekuja kuzika. Wafa alipewa kiti peke yake, mbali kidogo, kana kwamba kughushi kunaambukiza.

Dokta alieleza. Alieleza vizuri, hakuongeza chumvi, na hilo lilimfanya Wafa azidi kujiona hana pa kutokea. Profesa akamgeukia.

"Kuna punje mpya zilizoongezwa kwenye zile za zamani?"

Wafa alikuwa amejiandaa kusema hapana. Hapana lilikataa kutoka.

"Mimi sikuongeza, Profesa."

"Sikuuliza nani. Ziliongezwa?"

"Ziliongezwa."

Dokta Gaudens alijiegemeza nyuma. Profesa akauliza ziliongezwa na nani. Wafa akasema hilo hawezi kulisema, na yuko tayari kwa uamuzi wowote. Katibu aliandika, na sauti ya vibonye vya kompyuta ikamfikia Wafa kama yeye mwenyewe ndiye anayepigwa msumari. Alijua maana ya "uamuzi wowote". Angefukuzwa, na jina lake lingebaki kwenye faili la chuo pamoja na neno lile lililosomwa mlangoni kwa baba yake.

Hapo ndipo nje pakasikika mabishano, mlinzi akisema kuna kikao na sauti ya mwanamke ikisema ndiyo maana amekuja. Mlango ukafunguka. Fakhriya aliingia na baibui lake la kutokea, lile la harusi, kikapu mkononi, mlinzi nyuma yake ameshika kofia.

"Asalaam aleikum. Hamjambo."

Katibu alisimama kumweleza kwamba kikao ni cha siri. Wafa alisimama pia, akasema, "Mama, tafadhali." Lakini Profesa Jovitha, ambaye alilelewa na mama mwenye macho ya namna hiyohiyo, alijikuta ameshamwamkia kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikai sana. Mimi ni mama yake Wafa, na mume wangu anauza udi Mkunguni. Nimesikia mtoto anaitwa mwongo juu ya zile punje." Alikiweka kikapu mezani, juu ya karatasi za Dokta. "Zile punje zilitoka mikononi mwangu. Zilikuwa gramu kumi, kila mara, nilizipima mwenyewe kwa mizani ya udi. Zilizochoka nilizitoa zote, nikatia nzima. Hakuna siku aliyoondoka na mzigo pungufu. Anayesema zilikuwa na kasoro, aniambie mimi, asimwambie mtoto."

Katibu aliacha kuandika. Wafa alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Profesa alivua miwani. Aliuliza polepole, kama anayemtolea mtu mwiba, kama alizitoa mbovu mara zote nne. Fakhriya akasema mara zote. Na kama wana shaka, mbovu zenyewe hizi hapa; yeye hatupi kitu, alikuwa amezihifadhi za kuwashia chetezo cha udi. Akatoa kwenye kikapu vikaratasi vinne vilivyosokotwa, akavipanga mezani kwa mstari. Cha kwanza gramu mbili na nusu, cha pili tatu, cha tatu tatu na nusu, cha nne karibu tano. Alizitaja gramu hizo bila kusoma popote.

Profesa alifungua kimoja, akazimwaga punje kwenye karatasi nyeupe.

"Ulizijuaje kwamba ni mbovu?"

"Zinang'aa. Nzima haing'ai. Tena si zote zinazooza sawa." Fakhriya aliinama, na kwa ncha ya kidole akazisogeza chache pembeni. "Zinazowahi kuchoka ni hizi laini. Zile zenye makwaruzo ni ngumu, nyingine zimekaa mpaka mwisho sikuzigusa."

Profesa Jovitha aliisogeza karatasi kwenye mwanga, kisha akamtazama Dokta Gaudens.

"Kwenye makala yenu mmeandika punje ni za namna moja."

"Ni za namna moja," Dokta alisema. "Vifuu ni vilevile."

"Mama anasema ni mbili."

Dokta alizisogelea. Alikuwa mwanasayansi kweli, kabla ya mengine yote, na alizitazama muda mrefu kuliko heshima yake ilivyoruhusu. Hakusema tena kwamba ni za namna moja.

Fakhriya alifurahi kidogo kuona anasikilizwa. Akageuka amtafute binti yake, ashiriki ushindi. Akamwona analia. Akamtazama katibu, ambaye alikuwa anatazama meza. Akamtazama mlinzi mlangoni, na hata mlinzi aligeuza uso.

"Kwani nimesema nini?" aliuliza.

Ikabidi Profesa aseme, na alisema kwa upole wote aliokuwa nao. Walitaka kujua punje zilezile zinachukua muda gani kuchoka. Zilizochoka zilitakiwa zirudi.

"Zirudi zilivyo?"

"Ndiyo, mama. Zirudi zilivyo."

"Na mimi nikazitoa."

"Ndiyo."

Fakhriya alivuta kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha, akakaa. Mikono yake, ambayo haikuwahi kukosa kazi, ililala mapajani kama ya mgeni. Alisema, "La ilaha illallah," kwa sauti ndogo.

Kamati ilitoa uamuzi wake kabla ya saa sita. Wafa hakughushi. Matokeo yote yafutwe, na Dokta Gaudens aliandikie jarida barua ya kuiondoa makala, kwa jina lake, kwa kuwa ndilo la kwanza. Vikaratasi vinne vibaki maabara. Majaribio yaanze upya, punje laini zipimwe peke yake na zenye makwaruzo peke yake, na kitu chochote kisitoke nje ya jengo. Muda wa mwanafunzi haukuongezwa. Zilikuwa zimebaki wiki sita, na katibu alilisoma hilo mara mbili ili lisije likasahaulika.

*

Walitoka pamoja, mama na binti, mpaka getini. Hapo kwenye kivuli cha ukuta Fakhriya alisimama.

"Ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Uliponiuliza nani anazichambua."

"Na ulikuwa tayari wakuite mwongo."

Wafa alisema alihofia mama yake ataumia. Alisema hakutaka watu wamcheke. Maneno yalitoka yakiwa madogo kuliko alivyoyabeba siku tatu.

Fakhriya alilia, kwa uwazi, barabarani, bila kutafuta uchochoro. Wapita njia walimtazama na yeye akawaacha watazame. Alipomaliza alijipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Mimi nina miaka sitini na mbili," alisema. "Aibu ikinipata, nitakaa nayo siku hizi chache zilizobaki, kisha nitazikwa nayo, imekwisha. Wewe ungekaa nayo mpaka lini?"

Wafa alimwekea vizuri mtandio wake begani.

"Umenihurumia vibaya, Wafa. Kama nilivyokuhurumia mimi." Alikihamishia kikapu kitupu mkono wa pili. "Wiki hizi sita nitataka kukusaidia. Najijua. Nitakuja mpaka huku na chakula, nitauliza hili na lile, nitataka kushika. Nikatae."

"Nitakukataa, Mama."

"Lakini kwa adabu."

"Kwa adabu."

Basi Wafa akamshika mkono, wakasubiri magari yapungue, wakavuka.